Somo: Handikapu ya gofu inatoka wapi, na kadi yako inahesabiwaje

Wandugu habari zenu. Wiki hii watu watatu wameniuliza kitu kimoja, mmoja anachezea Kitante, mwingine Entebbe, mwingine yuko kule Tororo, wote wanacheza miezi sasa lakini wakishika kadi ya kuandikia mikwaju hawajui zile namba zinasema nini, kedi anayewabebea begi anahesabu, wao wanasaini tu. Hiyo ya kusaini tu ndiyo imenikalisha chini niandike. Mimi nilianza kwa kubeba begi za wengine kabla sijawa na fimbo zangu, na niliwahi kutolewa kwenye mashindano kwa ajili ya namba moja: shimo la 14 nilipiga 7, kadi ikaandikwa 6, sikuangalia, nikasaini. Sheria iko wazi, ukirudisha kadi yenye namba ya chini kuliko uliyopiga kwenye shimo unatolewa, ikiwa ya juu inabaki hivyo hivyo. Pointi na hesabu za handikapu, yaani mikwaju unayopewa ya kutoa kwenye hesabu yako ili ushindane sawa na aliye hodari kuliko wewe, ni kazi ya kamati, lakini namba ya kila shimo ni yako wewe.

Hatua ya 1, andika mikwaju yote. Yote maana yake na ule uliopiga hewa ukikusudia kuupiga mpira, na adhabu ya mpira ulioingia majini, na ule wa futi mbili ambao rafiki yako amesema "chukua tu". Kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju hakuna chukua tu, mpira uingie shimoni. Mkitoka kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo, simama kando, taja namba yako kwa sauti, mwenzako aandike, ndipo mwende tii inayofuata, pale pa kuanzia shimo, msingoje mashimo matatu yapite mkaanza kukumbushana.

Hatua ya 2, soma kadi. Pari ya shimo, yaani mikwaju ambayo mchezaji hodari anategemewa kulimaliza nayo, unaijua, 3, 4 au 5. Ile safu nyingine yenye 1 mpaka 18 ndiyo watu wanairuka, hiyo ni namba ya ugumu, inaonyesha ni mashimo gani unapewa mikwaju ya handikapu. Mwenye handikapu 18 anapewa mmoja kila shimo, mwenye 22 anapewa mmoja kila shimo na ile minne ya ziada inakwenda kwenye mashimo yenye namba ya ugumu 1, 2, 3 na 4.

Hatua ya 3, pata handikapu ya kwanza. Tangu 2020 R&A na USGA, wale wanaotunga sheria za gofu, walileta mfumo mmoja wa handikapu wa dunia. Unatakiwa kadi za mashimo 54, iwe raundi tatu za 18 au sita za 9, zote umecheza kwa sheria na kuna mtu uliyecheza naye, raundi ya peke yako haikubaliwi. Ukiwa na kadi tatu wanachukua iliyo bora wanatoa 2. Mfano alama za kadi zako (zinatokaje utaona hatua ya 4) ni 31.5, 28.0 na 33.2, basi unaanza na 26.0. Kiwango cha juu kabisa ni 54.0, mwanaume au mwanamke, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba wewe hujafikia kuwa na handikapu.

Hatua ya 4 ndiyo yenye nyama, hapa someni polepole. Hizo 31.5 hazikutoka hewani. Kila uwanja una reti, yaani mikwaju ambayo mchezaji wa handikapu sifuri anategemewa kupiga, na una slopu inayopima ni kiasi gani uwanja unamtesa mchezaji wa kawaida kumzidi yule hodari. Slopu ya katikati ni 113. Chukulia umepiga 95, reti 71.2, slopu 125 (namba za mfano tu hizi, za kwenu ziko kwenye kadi au ubaoni). Toa 71.2 kwenye 95 unabaki na 23.8, zidisha kwa 113, gawanya kwa 125, unapata 21.5. Hiyo ndiyo alama ya kadi yako, na ndiyo maana 95 ya uwanja mgumu ni bora kuliko 95 ya uwanja mwepesi. Siku ya mvua kubwa au upepo kama wengi wamepiga vibaya mfumo unaweza kurekebisha kidogo wenyewe.

Ukifika kadi 20 wanachukua 8 bora na kutafuta wastani wake, namba hiyo ndiyo inaitwa indeksi yako. Nane bora wandugu, sio zote! Handikapu haisemi unapiga ngapi kila Jumamosi, inasema unaweza kupiga ngapi ukiwa kwenye siku yako. Ndiyo maana siku nyingi utapiga zaidi yake, na hujaharibikiwa chochote.

Hatua ya 5, shimo likikuchachia. Pari 5, namba ya ugumu 3, handikapu yako hapo uwanjani 22. Mpira umezama kwenye bunka, lile shimo la mchanga, chini ya ukingo, umepiga mara moja mchanga umekurudia usoni, mara ya pili mpira umepanda ukateremka tena kwenye nyayo zako mwenyewe, mara ya tatu ukavuka grini. Umemaliza na 11. Kwa handikapu hupelekewi 11, kikomo ni pari jumlisha 2 jumlisha mikwaju uliyopewa pale, yaani 5 na 2 na 2, 9. Ila kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju 11 yako inabaki 11. Kama huna handikapu bado, kikomo ni pari na 5.

Hatua ya 6, siku ya kucheza. Indeksi 20.4, zidisha kwa slopu 125, gawanya 113, halafu jumlisha reti kutoa pari ya uwanja mzima (71.2 kutoa 72), inakuja 22, hiyo ndiyo handikapu yako hapo uwanjani. Mashindano ya mtu mmoja mmoja mara nyingi wanachukua asilimia 95, unacheza na 21. Ikiwa ni Stableford, mchezo wa kuhesabu pointi kila shimo, baada ya kutoa mikwaju yako pari ni pointi 2, bogi (mmoja juu ya pari) 1, badi (mmoja chini) 3, igo (miwili chini) 4, mbaya kuliko bogi ni sifuri, okota mpira mwende. Pointi 36 ni umecheza handikapu yako sawasawa.

MASWALI

Swali (afande mmoja): Kazi inanibana napata mashimo 9 tu jioni, zinahesabika?
Jibu: Zinahesabika afande. Tangu 2024 mwenye indeksi akicheza 9 mfumo unajazia zile 9 nyingine kwa makadirio yake, alama inatoka papo hapo.

Swali: Kedi wangu ananiambia nisipeleke kadi mbaya, zitanipandisha.
Jibu: Ssebo peleka zote. Ukificha mbaya, indeksi inashuka kuliko uwezo wako na utapigwa kila wiki. Anayeficha nzuri anawaibia wenzake, mimi hilo siwezi kulitaja kwa jina jingine. Na kupanda kuna breki, ukizidi 3 juu ya indeksi yako ya chini kabisa ya mwaka mmoja, ongezeko linakatwa nusu, na kupita 5 hupandi kabisa.

Swali (dada wa Mbale): Sisi wa tii nyekundu na mume wangu wa tii nyeupe tunashindanaje?
Jibu: Dada kila tii ina reti na slopu yake, na za wanawake ni tofauti na za wanaume. Kila mmoja apige hesabu ya hatua ya 6 kwa tii yake, mtakutana sawa.

Swali: Nikienda Kisumu au Eldoret natumia handikapu gani?
Jibu: Indeksi yako ile ile, inasafiri nawe. Ukifika omba reti na slopu ya tii utakayochezea.

Swali: Jinja mpira ukikaa kwenye alama ya mguu wa kiboko nikauinua, kadi bado ni halali?
Jibu: Ikiwa sheria ya uwanja inakuruhusu kuinua bila adhabu, dondosha pale wanapoelekeza, usiongeze mkwaju, na kadi uipeleke jioni ile ile.