Jinsi ya kupiga teori ya nani kaua, tukitumia kifo cha Jason Blossom

Kama Riverdale, ile tamthilia ya Kimarekani ya vijana, hujaimaliza sizoni ya kwanza ishia hapa kwanza nenda kaangalie, maana huku chini nataja muuaji kwa jina.

Wengi wetu tukiona maiti kwenye tamthilia ya vijana swali la kwanza ni nani kaua, na hapo ndo tunapopotea. Anza na lini. Yaani kabla hujamshuku mtu yeyote jiulize huyu mtoto alikufa siku gani, na hiyo siku nimeijuaje.

Chukua Jason. Sizoni ile ilitoka 2017, episodi 13, na inaanza na asubuhi ya tarehe 4 Julai, Jason na pacha wake Cheryl wamependeza na nguo zao nyeupe wako kwenye boti mto Sweetwater. Baadae Cheryl anakutwa peke yake kalowa, anasema glavu yake ilidondoka kwenye maji, Jason akainama kuiokota, boti ikapinduka, kaka kazama. Mwisho wa episodi hiyohiyo maiti inaonekana pembeni ya mto na ina tundu la risasi kwenye paji la uso. Basi wote tukakimbilia kuhesabu nani alikuwepo mtoni tarehe 4, Archie, mwanafunzi mwenzake, alikuwepo na mwalimu wake wa muziki wakasikia mlio wa bunduki, Dilton, kijana mwingine, alikuwepo na skauti wake, listi ikajaa. Alafu majibu ya posmotamu, yaani uchunguzi wa maiti, yanatoka, Jason alikufa wiki nzima baadae, tarehe 11. Listi yote ikaenda na maji! Ule mlio ulikuwa wa Dilton anafundisha shabaha, na Jason hakuzama, alikuwa anatoroka nyumbani na dada yake ndo aliyemsaidia ionekane kafa.

Kwahiyo fanya hivi, chukua daftari la kawaida gawa ukurasa mara mbili, upande mmoja andika NIMEONA, upande wa pili NIMEAMBIWA. Glavu inakaa nimeambiwa, kwasababu imetoka mdomoni kwa Cheryl na hakuna mwingine aliyeishuhudia. Tundu la risasi linakaa nimeona. Na hapa kuwa makini sana, hata kama wanakuonyesha picha kabisa ya tukio, kama kuna mhusika anasimulia juu yake basi hayo bado ni maneno yake, usiyahamishe upande. Ukiangalia kwa mtindo huu utashangaa upande wa nimeona ulivyo mtupu, mimi baada ya episodi tatu nilikuwa na mistari mitano tu na nilikuwa nimeshamhukumu mtu.

Niliyemhukumu ni Hal Cooper, baba yake Betty, rafiki wa Archie. Mimi na mdogo wangu tulikuwa na uhakika naye kabisa, anazichukia familia za Blossom kuliko maelezo, binti yake mkubwa Polly ana mimba ya Jason, na yeye ndo aliyeiba ushahidi nyumbani kwa sherifu. Sababu anayo, hasira anayo. Ila teori yetu ilikuwa na shimo na hatukutaka kuliangalia. Kati ya tarehe 4 na 11 Jason alikuwa wapi? Mtu akishikiliwa wiki nzima inabidi kuwe na chumba, kuwe na mtu wa kumlinda, kuwe na watu wa kulipwa wanyamaze. Hal angempeleka wapi, na mke wake mwandishi wa habari yuko ndani ya nyumba hiyohiyo? Hiki ndo kipimo nakipenda kuliko vyote, usiulize tu nani alikuwa na sababu, uliza nani angeweza kuibeba hiyo wiki. Ukiuliza hivyo majina yanapungua haraka sana, yanabaki ya wenye hela.

Kuna FP Jones sasa, baba yake Jughead, rafiki mwingine wa Archie. Bunduki inakutwa kwenye treila, ile nyumba ya kukokotwa, analoishi, anakamatwa, anakiri kabisa. Wengine wakafunga daftari. Lakini Archie na rafiki yake Veronica walikuwa wametoka kulipekua treila hilohilo na hakukuwa na bunduki, na hiyo tumeiona kwa macho yetu! Kitu kisichokuwepo mwanzo kikikutwa baadae, kuna mtu kakiweka. Na kukiri kwenye tamthilia kuandike upande wa nimeambiwa siku zote, alafu tafuta huyu anamlinda nani. FP alikuwa anamlinda mwanae. Angalia na hesabu ya episodi pia, anakamatwa kwenye ya 11, zimebaki mbili, hawawezi kukupa muuaji wakati kuna masaa mawili ya kujaza.

Trela, zile video fupi za kutangaza episodi, zisikusumbue, wanakata sura ya huyu wanaiunga na kilio cha yule, haziingii daftarini.

Jibu lilikuja episodi ya 12, flashi imefichwa kwenye bitana la koti la Jason, wanaifungua kwenye laptopu, unamuona Jason kafungwa kwenye kiti chini ya ile baa ya Serpents, genge la pikipiki, mlango unafunguka na anaingia Clifford Blossom, baba yake mzazi, anampiga risasi. Mdogo wangu alinyamaza mpaka mwisho hakugusa hata chai. Na ukirudi kwenye daftari unakuta Clifford alikuwa anapita kila kipimo, hela anayo, watu wa kuwalipa anao, na mtoto aliyekuwa anatoroka alikuwa anamtoroka yeye.

Ukianza sizoni mpya ya aina hii andika jina moja la unayemshuku, tarehe ya kifo unayoiamini na mahali mtu alipofichwa, weka saini chini, mpe mwenzio akutunzie mpaka episodi ya mwisho. Na ikitoka posmotamu inayobadilisha siku, futa majina yote uanze upya, hata lile ulilolipenda.