Jinsi ya kuchonga chapa ya mzazi na mtoto mgonjwa

Kosa la kwanza hufanyika kwenye penseli, patasi haijagusa ubao: mchoraji anachora machozi. Katika chapa ya nyeusi na nyeupe, yaani picha inayopigwa karatasini kutoka ubao uliochongwa na kupakwa wino, machozi hugeuka vidoa tu. Huzuni ibebwe na mgongo, shingo na mikono.

Msanii Mjerumani Käthe Kollwitz, aliyempoteza mwanawe Peter vitani nchini Ubelgiji Oktoba 1914, aliwachonga wazazi waliopiga magoti katika mfululizo wake wa chapa saba za mbao kuhusu vita. Miili miwili imekuwa bonge moja, nyuso zimefichwa. Mchoraji wa Norwei Edvard Munch alifanya kinyume. Dada yake Sophie alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1877, akiwa na miaka 15. Mchoro wake wa rangi wa 1885–1886 una mwanamke aliyeinama kando ya mgonjwa; chapa yake ya jiwe (litografia) ya 1896 imebakiza kichwa na mabega ya msichana tu, kwenye mto wa kulalia. Kwa anayeanza ni bora miili: uso mdogo unadai mistari myembamba ambayo mkono mgeni huivunja.

Tumia plaiwudi ya milimita 6, au lino (linoleamu, zulia gumu la sakafuni) ya milimita 3, ukubwa wa sentimita 20 kwa 25. Chapa hutoka imegeuzwa kushoto-kulia, kwa hiyo nakili mchoro kwenye karatasi angavu ya kunakilia, uipindue, ndipo uhamishe ubaoni kwa karatasi ya kaboni. Paka juu yake wino mweusi wa maji uliozimuliwa, ukauke. Kila utakapochonga patang'aa na utaona picha inavyokua.

Anza na weupe mkubwa: mto na shuka. Mipaka ya vidole ikate kwanza kwa kisu, kina cha milimita 1 hadi 2, blade ikiinamia nje ili kitako cha mstari kiwe kipana kuliko kichwa chake. Ukikata kwa kuingia chini ya mstari, utang'oka wakati wa kupaka wino. Kwenye plaiwudi, patasi yenye ncha ya umbo la V ikipita kinyume cha nyuzi za mbao hurarua. Geuza ubao, usilazimishe mkono. Mtoto mpe mistari michache, mzazi mwache mweusi. Ukutani usisafishe kila kitu, kwani alama za patasi zilizobaki hukipa chumba hewa.

Kabla ya kumaliza usuli (sehemu iliyo nyuma ya watu), toa chapa ya majaribio. Weupe unaweza kuuongeza, weusi ukishaondoka haurudi.

Wino uwe wa mafuta, usambazwe kwa rola kwenye kioo mpaka usikike mlio mwembamba kama wa kitu kinachokaangwa. Ukinata na kuvutika kama utomvu, ni mzito mno: nafasi kati ya vidole zitaziba na mkono utageuka donge. Pitisha rola ubaoni mara kadhaa kwa tabaka jembamba.

Kama huna mashine ya kuchapia, karatasi iwe nyepesi, gramu 40 hadi 60 kwa mita ya mraba. Sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao kutoka katikati kwenda nje, ukishikilia upande mmoja usiteleze. Inua kona moja ukague. Penye kijivu chenye madoadoa, ongeza wino kidogo hapo hapo, laza karatasi tena, usugue. Anika chapa siku kadhaa. Penye unyevu mwingi, kama pwani, wino wa mafuta huchukua muda zaidi, na ukizipanga chapa moja juu ya nyingine mapema zitagandana.