Jinsi ya Kujifunza Nahau za Kiingereza kwa Maongezi ya Kikundi

Mgeni akimwambia mwongoza watalii katika kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari huko Kilimanjaro, kwamba anajisikia "a bit under the weather", mwongozaji anaweza kulijua kila neno tangu shule ya msingi na bado akainua macho kutazama mawingu. Kumbe mgeni anasema hajisikii vizuri, na katika mwinuko ule habari hiyo haifai kumpita mtu. Kamusi itampa maana, lakini nani humwambia nani nahau hiyo, na wakati gani, hujulikana kwa kuongea na watu.

Kusanyikeni watu wanne hadi sita, mara mbili kwa wiki, na kila kikao kishughulikie nahau tatu tu. Kila nahau iwe imesikika mahali fulani: kazini, redioni au katika filamu. "Raining cats and dogs" (mvua kubwa kunyesha) imejaa vitabuni, ila katika mazungumzo ya kawaida ni nadra kuisikia, msianze nayo.

Aliyeileta nahau asitaje maana yake, bali asimulie tukio. Kwa mfano, ndugu walipanga sherehe ya kumshtukiza dada yao, mdogo wao akamweleza dada mapema, na mama akasema, "He spilled the beans." Wengine wakisie, kisha watafute usemi wa Kiswahili unaokaribiana nao. Mmoja atataja kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Mwingine atapinga kwamba huko ni kutoa siri mbele ya umati, ilhali "spill the beans" hutosha hata kwa msikilizaji mmoja. Ubishi huo uacheni uendelee, tena kwa Kiingereza kadiri mnavyoweza, kwa maana nahau mtu aliyoibishania haimtoki upesi.

Chunguzeni pia umbo lake. Kwetu mzee amekula chumvi nyingi, lakini hakuna asemaye kwamba mtoto amekula chumvi kidogo. Vivyo hivyo, "the beans were spilled" hueleweka, lakini "kick the bucket" (kufa) ikigeuzwa kuwa "the bucket was kicked" humfanya msikilizaji afikirie ndoo yenyewe.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni adabu ya nahau. "Kick the bucket" ni kufa, lakini ina uzito wa "kukata kamba", na mfiwa haambiwi hivyo. Kwake husemwa "pass away", kama sisi tunavyosema kufariki. Kwa hiyo igizeni jambo lilelile mara mbili, kwanza na rafiki wa karibu, kisha na mwajiri au mtu mwenye msiba, mkiulizana ni maneno gani yabadilike na kwa nini.

Malizieni kwa dakika 15 za maongezi huru. Kila mmoja atumie nahau moja pale inapofaa, na isipopata nafasi asiilazimishe. Mwenzenu mmoja asikilize tu, aandike makosa bila kumkatiza msemaji, na ayataje mwishoni. Katika daftari la kikundi andikeni sentensi nzima, aliyeisema na aliyeambiwa. Nahau ambayo hakuna aliyeitumia siku hiyo itiwe alama, na kikao kijacho kianze nayo.