Somo: Kuandika kipimo cha vumbi la mgodini ili kifae miaka 20 ijayo

Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika (madini yaliyomo kwenye mwamba), huja polepole. Mtu anachoronga mwamba leo, kifua kinambana baada ya miaka 10 au zaidi, shimo limeshafungwa na karatasi za vipimo zimeliwa na mchwa. Ujerumani inatunza vipimo vya kazini kwenye kanzidata ya MEGA tangu 1972. Ufini ilianza daftari la ASA mwaka 1979, la wafanyakazi wanaokutana na visababishi vya saratani. Tukiandika vizuri tangu sasa, vipimo vyetu navyo vitaingia kwenye kanzidata ya taifa.

1. Mtambue mtu kwa namba ya NIDA, maana akina Juma Hamisi ni wengi. Kwenye fomu ya mgodini weka msimbo tu. Orodha inayoonyesha msimbo upi ni wa NIDA ipi ifungiwe kabatini.

2. Andika anachofanya, si cheo. Hapa ndipo fomu nyingi zinapoharibika. "Fundi" haitusaidii. "Anachoronga kwa kompresa, bila maji, saa 5 kwa zamu" inatusaidia, kwa sababu kuchoronga kukavu na kuchoronga kwa maji ni vumbi mbili tofauti kabisa. Taja pia kwa nini ulipima. Ukipima pale tu watu walipolalamika, takwimu zitaonyesha nchi nzima ni vumbi tupu.

3. Pampu ya kuvuta hewa kiunoni, saikloni (kifaa kidogo kinachotenga punje kubwa, zile laini zinazofika ndani ya mapafu ziende kwenye kichujio) kwenye kola. Lita 2.2 kwa dakika kwa dakika 400 ni lita 880, yaani mita za ujazo 0.88. Uzito wa kichujio ukiongezeka miligramu 1.76, jibu ni miligramu 2 za vumbi kwa kila mita ya ujazo. Andika namba zote hizo, si jibu peke yake, ili mwingine aweze kurudia hesabu. Silika yenyewe hupimwa maabara.

4. Maabara isipoona kitu, usiandike sifuri. Andika "chini ya" kiwango cha mwisho inachoweza kuona.

MASWALI

*Mwalimu, akiwa amevaa barakoa nipunguze kipimo?*
Hapana ndugu yangu. Andika kilichomo hewani. Barakoa ina safu yake.

*Excel inatosha?*
Kwa kuanzia, ndiyo, mradi safu na vipimio visibadilike kila mwezi.

*Huku Mererani wanaapolo (wachimbaji wa tanzanaiti) wanahama shimo hadi shimo, hawana hata mkataba. Nimwandike chini ya nani?*
Chini yake mwenyewe, dada. Shimo ni safu moja tu, na kila akihama unaongeza mstari mpya kwenye namba ileile.