Kabla ya kuanza dawa ya miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari

Mchana, ukiwa na shughuli zako, unaweza kuisahau. Usiku ndio kazi. Shuka likigusa tu ncha ya kidole gumba unaruka kama umekanyaga kaa la moto. Wengine huhisi sindano sindano, wengine kama wanapigwa shoti ya umeme. Na la ajabu, mguu huohuo unaokunyima usingizi ukichomwa na mwiba huenda usijue. Mishipa ya fahamu ikishaumizwa na sukari huacha kuleta habari za kweli, ikabaki kupiga kelele za uongo.

Mtu akifika hapo huuliza: dawa kali ni ipi? Swali linaeleweka, ila si la kuanza nalo. Mwaka 2022 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 130. Walianzishwa kwa zamu dawa tatu za maumivu haya, amitriptilini, duloksetini na pregabalini, na dawa moja isipotosha waliongezewa ya pili. Njia zote zilipunguza maumivu karibu sawasawa. Zilipopishana ni kwenye maudhi: pregabalini ilileta zaidi kizunguzungu, duloksetini kichefuchefu, amitriptilini kukaukwa mate. Kwa hiyo ulizia dawa ambayo mwili wako utaihimili. Jibu lake daktari hawezi kulisoma usoni mwako, lazima ulibebe mwenyewe.

Kwanza kabisa, kuwa na hakika kwamba kweli ni kisukari. Maumivu ya kisukari kwa kawaida huanzia vidoleni kwenye miguu yote miwili, yakapanda taratibu kama soksi inavyovutwa. Yakiwa mguu mmoja tu, au miguu inaishiwa nguvu kwa kasi, au yalianzia mikononi, sema, maana huenda chanzo ni kingine. Kama umekunywa metformini, dawa ya sukari, kwa miaka, omba upimwe vitamini B12. Dawa hiyo hupunguza kiwango chake mwilini, na upungufu wake huleta ganzi inayofanana kabisa na hii. Pombe nyingi nayo huharibu mishipa ileile, na hata isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Ni hasara kumeza vidonge vya maumivu mwaka mzima wakati tatizo lilikuwa vitamini.

Kuna hali moja ambayo haisubiri miadi. Mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi sana, nenda siku hiyohiyo. Inawezekana mifupa ya mguu inavunjika ndani kwa ndani, na kila hatua unayoikanyagia inaupotosha zaidi.

Kisha figo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Pregabalini na mwenzake gabapentini hutoka mwilini kupitia figo, karibu zote kama zilivyoingia. Figo zikiwa zimechoka, dozi ya kawaida hugeuka dozi kubwa, na mgonjwa anashinda akiyumba na kusinzia huku nyumbani wakisema ni uzee. Usianze bila kipimo cha hivi karibuni cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Duloksetini haimfai mwenye ugonjwa wa ini, wala aliyeishiwa sana nguvu ya figo, na presha isiyodhibitiwa inaweza kupanda zaidi. Amitriptilini ni ya zamani na ina mambo yake: mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa, tezi dume inayobana mkojo, au presha ya macho ataje hayo kabla karatasi ya dawa haijaandikwa. Kwa mtu wa makamo au mwenye historia ya moyo, kuomba moyo upimwe kwa mashine kwanza si woga. Anayetarajia kupata mimba naye aseme mapema.

Chukua mfuko, tia ndani kila unachomeza: vya presha, vya sukari, vya usingizi, vya mitishamba, hata vile ulivyogawiwa na jirani. Nenda nao mzimamzima, usitegemee kumbukumbu. Tramado, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, ikikutana na duloksetini au amitriptilini inaweza kumfanya mtu atetemeke, atoke jasho, moyo uende mbio. Pregabalini ikichanganywa na dawa za jamii ya mofini, za usingizi au pombe inaweza kupunguza pumzi. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi hukimbilia, hazigusi maumivu ya aina hii na zinazidi kuzitesa figo ambazo kisukari kimeshazilenga. Kuhusu tramado na ndugu zake, mwongozo wa chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani unasema zisitumike kwa maumivu haya. Nakubaliana nao: nafuu yake ni fupi, kuziacha ni kazi.

Sukari yenyewe lazima ishuke, hilo halina mjadala, ila isiporomoke. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi 3, kikishuka kwa zaidi ya pointi 2 ndani ya muda kama huo, mfano kutoka asilimia 12 hadi 8, baadhi ya watu hupata maumivu makali mapya kutokana na huko kushuka kwenyewe. Mgonjwa huona amepona sukari akapata adhabu. Kama ndio unaanza insulini, muulize daktari mnashuka kwa mwendo gani.

Sasa daftari. Wiki moja kabla ya miadi, andika kila asubuhi mstari mmoja: namba ya maumivu kutoka 0 hadi 10, ulivyolala, na kilichokushinda kufanya. Kwa mfano: “Jumanne, 8, nimeamka saa nane usiku sikulala tena, viatu nimevivua kabla ya saa sita mchana.” Mstari kama huo unamwambia daktari mengi kuliko “naumwa sana”. Pia ndio utakaokuonyesha baadaye kama dawa inafanya kazi, kwa sababu mafanikio hapa ni madogo kuliko watu wanavyotarajia. Kupungua kwa asilimia 30, yaani kutoka 8 hadi kati ya 5 na 6, kunahesabiwa kuwa nafuu ya maana. Wanaopona kabisa ni wachache. Asiyeambiwa hivyo mapema hutupa vidonge siku ya tano.

Dozi huanza ndogo na kupandishwa: amitriptilini miligramu 10 au 25 usiku, duloksetini 30 kisha 60 kwa siku. Ipe wiki 4 hadi 8 kwenye dozi inayotosha ndipo uihukumu. Kuiacha pia kuna utaratibu. Pregabalini au duloksetini ikikatwa ghafla huleta jasho, wasiwasi na kukosa usingizi, kwa hiyo hakikisha haikuishii ukiwa safarini. Jiulize na kazi yako: unaendesha gari? unapanda ngazi? Mzee anayeamka mara tatu usiku kwenda chooni awe na taa karibu na njia isiyo na vitu. Na kama soksi zimeanza kuacha alama nzito kwenye vifundo baada ya kuanza pregabalini, mwambie daktari, kwani dawa hiyo huweza kuvimbisha miguu na kuongeza uzito.

Asiyeweza vidonge ana krimu ya kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili. Hupakwa mara 3 au 4 kwa siku, siku za mwanzo inawasha haswa, na ole wako ukisahau kunawa mikono ukafikicha jicho. Usiipake kwenye ngozi iliyochubuka. Ipo bandeji yake ya asilimia 8, lakini hiyo hubandikwa kliniki. Kifaa cha umeme kinachopandikizwa karibu na uti wa mgongo ni cha walioshindwa na dawa zote.

Halafu kitu ambacho kidonge hakitakufanyia: kinatuliza kelele, hakirudishi hisia. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, usitumbukize mguu kujaribu joto. Chupa ya maji ya moto isikaribie kitanda. Kila usiku angalia nyayo kwa kioo, hata katikati ya vidole, na asubuhi kabla ya kuvaa kiatu kipindue ukikung’ute. Kijiwe ambacho hukihisi kinaweza kutembea nawe hadi jioni.