SOMO: Gari haiwaki? Anzia hapa kabla hujanunua betri

Wakuu, naandika hili mara moja ili kila anayeuliza nimwelekeze huku. Swali ni lile lile, "gari yangu haiwaki tatizo nini", basi, hasemi inatoa sauti gani, hasemi ilizimaje, na wa kwanza kujibu anasema badilisha betri. Mtu ananunua betri na gari iko vile vile. Inauma kuona watu wanamwaga hela kwenye vifaa vizima wakati mita ndogo tu ya kupimia umeme ingewaonyesha.

Jambo la kwanza kabisa: ukipiga stata (mota ya kuzungusha injini), injini INAZUNGUKA au HAIZUNGUKI? Kama inazunguka kwa kasi yake ya kawaida halafu haishiki, achana na betri na stata, angalia taa ya ufunguo na geji ya mafuta kwenye hatua ya 1 halafu nenda hatua ya 4. Kama iko kimya au inajivuta, fuata kuanzia 1.

1. Vya haraka. Oto jaribu kwenye P halafu N, ikiwaka N tu basi swichi ya gia inasumbua. Manyuo kanyaga klachi mpaka mwisho. Taa ya alama ya ufunguo ikipepesa wakati unapiga stata, imobilaiza (kinga ya wizi) haijautambua ufunguo, jaribu wa akiba. Geji ya mafuta nayo iangalie, usione aibu.

2. Sikiliza. Tik-tik-tik ya haraka na taa zinafifia: betri imeisha au vichwa vya nyaya zake vimelegea. Tak moja nzito na taa hazitikisiki: mara nyingi stata au solenoidi yake (swichi ya sumaku inayoiwasha). Kimya lakini taa zinawaka vizuri: rilei (swichi ndogo ya umeme) ya stata, switchi ya ufunguo, swichi ya gia au ya klachi. Dashibodi giza totoro: betri imekufa kabisa, kichwa kimechomoka au fyuzi kuu imekatika.

3. PIMA. Hapa ndipo watu wanapopotea kwa hiyo msiruke. Gari ikiwa imelala usiku kucha, betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, ikifika 12.0 ichaji kwanza ndo uendelee. Sasa mtu anaona 12.6 anasema betri nzima, HAPANA, hiyo ni betri iliyopumzika, haijabeba mzigo. Mwambie mwenzio apige stata wewe ukiangalia mita. Isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikianguka mpaka 7 au 6 betri imechoka, au stata imekaza na inavuta kupita kiasi. Ikibaki 12 na kitu halafu stata haizunguki, umeme hauifikii au stata yenyewe imekufa.

Hapo fuata nyaya. Mguu mmoja wa mita uweke kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe ya risasi na sio kile kichwa cha waya, mguu wa pili kwenye chuma kisafi cha injini, piga stata. Inatakiwa isome chini ya 0.2 hivi, ikisoma volti moja nzima au zaidi athi yako (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) ni mbovu, safisha au badilisha waya. Upande wa chanya, nguzo mpaka boliti nene ya stata, isizidi 0.5. Kwa nini hii ni muhimu: stata inavuta ampia 150 na hata zaidi, na kutu yenye upinzani wa omu 0.02 tu, ambao mita ya kawaida haiuoni vizuri, kwenye ampia 150 inakula volti 3. Ndo maana taa zinawaka vizuri, redio inaimba, na stata haina nguvu. Waya unaweza kuwa mzuri kwa nje na ndani umeoza ukawa unga wa kijani.

MAONYO: breki ya mkono juu, gia P au nyutro, nguo na nyaya za mita mbali na feni na mikanda. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake wakati unapima. Stata usiishikilie zaidi ya sekunde 10, ipumzishe ipoe. Ukifungua nyaya za betri anza na HASI, ukirudisha hasi iwe ya mwisho, maana spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja huku hasi imefungwa ni cheche kubwa, na betri inatoa haidrojeni, inaweza kukulipukia usoni.

4. Inazunguka haishiki. Washa switchi bila kupiga stata, gari nyingi za petroli utasikia pampu inavuma sekunde mbili hivi. Kimya? Fyuzi, kisha rilei, badilishana na ya honi kama zinafanana. Ila kuvuma si ushahidi kwamba presha ipo. Moto wa plagi pima kwa kifaa chake, usishike waya kwa mkono. Mshale wa rpm ukilala sifuri wakati injini inazunguka, kwenye gari nyingi inakuelekeza kwenye sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini), mashine ya kusoma kodi za makosa ya gari mara nyingi itatoa P0335.

Na hizi mbili ACHA KUPIGA STATA KABISA: injini ikizunguka nyepesi na haraka kuliko kawaida (mkanda wa taimingi huenda umekatika, valvu zinaweza kugongwa na pistoni), na gari iliyozimika kwenye maji marefu. Maji yakiingia ndani ya injini hayabanwi, konrodi (fimbo za pistoni) ndo zinapinda.

MASWALI

Swali: Mkuu gari yangu haiwaki nifanyeje
Jibu: Inazunguka? Sauti gani? Volti ngapi ukipiga stata? Rudi na majibu hayo.

Swali: Somo refu, kwani nikibadilisha stata si inatosha
Jibu: Kama tatizo ni athi, stata mpya itakaa kimya kama ya zamani. Umepima?
Swali: Sina mita
Jibu: Azima.

Swali: Fundi wangu anagonga stata na nyundo inawaka, sasa hayo mahesabu yote ya nini
Jibu: Sijasema haiwaki. Ikiwaka kwa kugongwa ujue brashi za stata zimeisha au solenoidi inanata, kesho itakataa hata ukigonga. Na baadhi ya stata zina sumaku ndani zinazopasuka kwa nyundo. Fundi amekuonyesha kifaa kibovu, hajakitengeneza.

Swali: Shukrani kwa somo. Yangu ikikaa siku mbili haizunguki, nikibusti (kuazima umeme wa gari nyingine) inawaka na siku nzima haisumbui. Betri mpya, injini ikiwaka napima 14.2. Niangalie wapi?
Jibu: Swali zuri na umepima kabla ya kuuliza, safi sana. 14.2 maana yake alteneta (jenereta ya gari) inachaji, kwa hiyo kuna kitu kinanyonya gari ikiwa imezimwa. Weka mita kwenye ampia, tundu la 10A, ifunge kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Funga milango, subiri nusu saa au zaidi kompyuta zilale. Ikizidi 0.05 chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Usipige stata mita ikiwa pale, utaiunguza.

Swali: Dizeli je? Nimebadilisha filta jana, leo inazunguka tu
Jibu: Hewa imeingia kwenye njia ya mafuta. Pampu ya mkono juu ya filta, kama ipo, ibonyeze mpaka iwe ngumu. Ila kama haikuguswa kitu na inakataa asubuhi za baridi tu, pima hita plagi (zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka).

Mchangiaji: Niongezee, gari za kitufe, betri ya rimoti ikiisha nyingi unagusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe huku umekanyaga breki.
Jibu: Kweli kabisa, nilisahau hiyo.

Swali: Mkuu ni mimi wa siku mbili. Inasoma 0.38, nikitoa fyuzi ya redio inashuka mpaka 0.03!
Jibu: Umeipata. Iache fyuzi nje siku mbili, ikiwaka bila kubusti tuendelee na nyaya za redio, hasa kama ilifungwa baadaye.