Mtetea wako ameanza kuwika? Mkague hivi kabla hujanoa kisu

Juzijuzi mama mdogo kanipigia alfajiri, "mwanangu njoo, yule wa madoadoa anawika, namchinja leo leo, sitaki mkosi hapa kwangu". Nikamwomba wiki moja tu. Tulichofanya ni hiki.

Hatua ya 1: hakikisha ni jike kweli
Usicheke, wengi wanauziwa vifaranga "majike watupu" halafu miezi minne baadaye bandani ni kelele tupu, hao walikuwa majogoo toka siku ya kwanza. Kama umeshamuona kataga au kaatamia, ruka hii. Ila kipi (ule mwiba wa mguuni) kisikudanganye, mitetea wengi wakizeeka wanaota, na jike wa kuchi, wale kuku wa kupigana, ndo usiseme, sura yenyewe ya kibabe.

Hatua ya 2: jogoo yupo?
Mama mdogo alikuwa kamchinja wake wageni walipokuja. Basi banda likikosa jogoo, yule jike mbabe kuliko wote anaweza kushika usukani, anawika, anapanda wenzake, mwilini hana tatizo lolote. Azima jogoo.

Hatua ya 3: anataga au hatagi?
Hapa ndo nilipoteza siku nne mwaka jana kwa kuku wangu mwenyewe, kwa hiyo soma taratibu. Nilimtenga kwenye tenga, siku ya kwanza hakuna yai, ya pili hakuna, ya tatu nikasema huyu kaisha, nikakimbilia antibayotiki, nikamrudisha bandani, kesho yake nikamkuta kiotani anataga. Kumbe kuku ukimhamisha tu ghafla anaweza kugoma kutaga kwa mshtuko, na mimi nimeshachoma hela ya dawa, na mayai ya watu wa nyumbani hayaliki mpaka siku zilizoandikwa kwenye kopo ziishe. Kwa hiyo USIMTENGE. Na usiangalie kilemba, maana kilemba kikubwa chekundu anacho mtetea anayetaga na anacho pia aliyegeuka dume, hakikuambii kitu. Shika mifupa miwili ya nyonga chini ya njia ya kutagia, vidole viwili au vitatu vikipita katikati huyo anataga, kimoja kikibana hatagi kwa sasa, lakini kumbuka kuku anayeatamia au anayenyonyoka manyoya naye atabana hivyohivyo, sasa hapo ndo watu wanachinja kuku mzima. Dawa yangu ni lipstiki. Jioni akiwa kalala unampaka kidogo kwenye njia ya kutagia, asubuhi unatafuta yai lenye mstari mwekundu. Rudia siku tano sita, maana kutoka yai moja hadi jingine ni zaidi ya saa 24 na kienyeji anarukaruka siku. Wanaotega kamera ya simu kiotani wanajisumbua tu, chaji inaisha kabla kuku hajaingia.

Hatua ya 4: kama hatagi kabisa na anabadilika umbo
Mtetea ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto. Ya kulia imebaki kijidude. Ya kushoto ikiharibika kwa uvimbe au maambukizi, homoni ya kike inashuka, na kile kijidude cha kulia kinaweza kukua kikaanza kutoa homoni ya kiume. Akija kunyonyoka, manyoya mapya ya shingo na kiuno yanaota yamechongoka na kung'aa kama ya jogoo. Kwenye vinasaba bado ni jike, usimtegemee kwa mbegu. Na usinunue "dawa ya kumrudisha", hela yako inaliwa.

Mama mdogo aliposikia akauliza, na jogoo je, anaweza kutaga? Nikamwambia Basel, ambayo leo iko Uswisi, mwaka 1474 walimshtaki jogoo kwa kutaga yai wakamchoma moto. Akasema "unaona, hata wazungu waliogopa". Nikanyamaza.

Hatua ya 5: shika tumbo
Likiwa limejaa kama mfuko wa maji, na anatembea kasimama wima, mwite daktari wa mifugo au mchinje asiteseke.

Wa mama mdogo? Siku ya tatu yai likatoka na mstari wa waridi. Jogoo wa kuazima kaingia Alhamisi, jike kanyamaza. Binti yake bado anatafuta lipstiki.